Kikwembe cha Lucienne na Mlango wa Aurelia

Chwiii! ilipumua pasi jikoni kwetu Evere, huku ughaibuni, kabla hakujapambazuka. Ndivyo ilivyoanza vita ninayowasimulia, enyi wajukuu na majirani, nanyi wa ghorofa ya juu mnaopenda kugonga misumari: wekeni nyundo chini, msikie!

Mwenye pasi alikuwa binti yangu Lucienne, Jabali la Lubumbashi, Simba Jike wa Soko la Molenbeek, akinyoosha kikwembe, kitenge chake cha harusi. Kwetu shangazi ndiye humsindikiza bibi harusi hadi garini, na kwa mkono wake mwenyewe hufunga mlango. Bibi harusi alikuwa mjukuu wangu Océane. Gari lilikuwa la jirani yetu Papa Tshibangu. Alilitoa bila kuombwa, ingawa halikuwa limetoka gereji tangu alipomzika mkewe, Emmanuella.

Lo, gari gani! Lancia Aurelia, uzao wa Italia iliyokuwa bado ikijikung'uta vumbi la vita kuu. Kiwanda cha Lancia kiliipa moyo na mifupa. Kisha mafundi wa bodi wa Turino, Ghia na Viotti na Pinin Farina, wakaivika bati kama mshonaji amvikavyo malkia. Tulipokwenda kuliona kwake, Papa Tshibangu alitusimulia nasaba hiyo mpaka chai ikapoa, nasi tulimwacha asimulie, maana alikuwa akitabasamu.

Saa ikawadia. Lucienne akamketisha Océane mbele, akaufunga mlango kwa kishindo cha mshindi. Ole! Mlango ukauma pindo la kikwembe chake, na kitasa kikongwe kikagoma. Bibi harusi ndani, shangazi nje, amefungwa garini kama mbuzi wa sikukuu, na kule kanisani Etterbeek padri anatazama saa!

"Tante, vuta!" akalia Océane.

"Nikivuta kitapasuka! Kikwembe cha famille nzima!"

Papa Tshibangu akashuka na bisibisi. "Bon, maman Lucienne. Nitavunja mulango. Harusi ni kubwa kupita gari."

"Mulango maman Emmanuella alikuwa anapangusa kila dimanche, siku ya misa? Jamais, papa! Weka ile kitu chini."

"Alors tutafanya je? Utakimbia pembeni ya gari mpaka kanisani?"

Hata basi lilipunguza mwendo, abiria wakishuhudia. Ndipo shujaa akakumbuka ngao ya mama zake: mwanamke wa heshima havai kikwembe kimoja; huvaa viwili, kimoja juu ya kingine. Akashika fundo la kiunoni kama askari ashikavyo upanga, akalifungua, akatoka ndani ya kikwembe cha juu, amesitirika vilevile. Vigelegele vikapasua mtaa!

"Endesha, papa!" akanguruma, akijitupa katika gari la ndugu lililokuwa nyuma.

Aurelia ikaondoka, kikwembe kikipepea mlangoni kama bendera ya dola lisiloshindwa. Kanisani Océane alitokea upande wa dereva. Wageni wakasifu pambo lile. Mmoja akauliza tumelinunua wapi.

Baada ya misa kitasa kikafunguka chenyewe, kana kwamba kilikuwa kinatania. Bati halikuwa na mkwaruzo, wala kitambaa hakikuwa na tundu. Wapiga mbiu na watangaze: siku ile, mbele ya Evere yote, hakuna kilichopasuka!

Jioni Papa Tshibangu alitufikisha nyumbani, lakini hakuzima injini. Alipapasa mlango ule kidogo.

"Maman," akaniambia, "mukuye tena kwangu, tunywe chai. Hata kama hakuna harusi."