Mineure na Beche ya Baba

Siku ya kwanza, tarehe 4 mwezi wa tatu
Leo kila mwanafunzi alichagua mineure, somo la pembeni. Mimi: entrepreneuriat, kufundishwa biashara. Haiko na examen! Siku ya posho, ndiyo jumamosi, unaonyesha professeur Hubert biashara yako, basi. Ukishindwa, anakutupa katika statistique, somo la takwimu. Immaculée naye alichagua hii. Nitakaa karibu yake. Mungu iko.

Siku ya tatu, tarehe 6
Nilimupigia Baba simu. Anachimba dhahabu kule Mongbwalu, réseau ya simu ni ya kutafuta juu ya kilima. Nikamwambia nimechagua mineure. Kabla sijamaliza, akashangilia. Akasema kumbe damu haipotei, vyombo vya kazi ataleta yeye mwenyewe, kama barabara itabaki kimya, bila risasi. Sikumukatiza. Mutu anayepewa hakatizi. Bila shaka ni machine ya photocopie.

Siku ya tano, tarehe 8
Kibao kimechorwa: PHOTOCOPIE LUCIEN, DIRECTEUR GÉNÉRAL. Nimemwahidi Immaculée kazi ya secrétaire. Akauliza machine iko wapi. Nikamujibu iko njiani. Héritier, mupinzani wangu, anauza mayai ya kuchemsha mbele ya mulango wa auditoire, chumba chetu cha masomo, na pilipili ndani ya kikopo. Mayai! Nilimuonea huruma. Nikakula moja, kwa kumutia moyo.

Siku ya posho, tarehe 9
Aibu tupu. Baba alishuka kwenye pikipiki mbele ya wanafunzi wote, na beche yake ya kuchimbia, na karai, na taa ya kichwa. Akanivalisha taa. Akasema: mineur, twende, shimo linakungojea. Kwake mineur ni muchimbaji, na Kifaransa kinamupa haki. Professeur Hubert alicheka mpaka akavua miwani. Nikasema biashara yangu ni kuchimba vyoo. Akauliza client iko wapi. Immaculée akamupa Baba yai, sababu alitoka mbali. Baba akakula akiangalia chini. Hapo roho iliniuma kweli. Héritier amepita. Mimi, statistique.

Siku ya mungu, tarehe 10
Baba alirudi Mongbwalu asubuhi na beche yake. Taa aliniachia, ya kusomea. Nikafungua syllabus ya statistique. Sura ya pili: mode! Kumbe biashara iko huku. Nguo, viatu, kofia, mitindo ya kuvaa. Héritier anasema eti mode ya statistique ni namba inayorudi mara nyingi kuliko zingine. Wivu ya muuza mayai. Kibao nimekigeuza upande wa pili: MODE LUCIEN. Immaculée nimemwambia aje kesho nimupime gauni. Nikamupigia Baba, anitafutie cherehani. Réseau ilikatika kabla sijamaliza, lakini alielewa.