Asili ya Bwana wa Vumbi

Jumatatu, 7 Julai 2025. Basotu.

Ushindi! Kituo cha televisheni cha Arusha kimeisikia hoja yangu. Miaka miwili sasa wanaonyesha tamthilia iliyotokana na kitabu chetu cha katuni: mimi mwandishi, Kelvin mchoraji. Steringi ni Mlinzi wa Ngano, kijana mwema, msafi, anayechosha. Watazamaji humngoja adui wake, Bwana wa Vumbi. Nimewaandikia barua kumi na nne nikidai adui huyo apewe tamthilia yake: alizaliwa wapi, nani alimvunja moyo, alipandaje hadi kuyaamuru mavumbi. Wanataka onyesho moja la majaribio. Kelvin ameuliza kama nimewashukuru. Nimemweleza kwamba hoja sahihi haiombi, hivyo haishukuru.

Jina la kuzaliwa la adui nimelichagua leo: Gidahosh. Lina uzito wa jiwe.

Jumanne, 8 Julai.

Onyesho limekamilika kuandikwa. Kijana anaondoka nyumbani. Mama yake anasimama mlangoni, anamwita kwa jina mpaka anapotea machoni. Hawataonana tena. Kutoka hapo ubaya wake wote unaeleweka.

Kelvin alisoma, kisha akauliza taratibu kama huyu ni mama yangu. Nimekanusha. Mama alifariki Februari, Dongobesh, nami nilikuwa Dar es Salaam nikikata rufaa ya alama mbili za insha ya chuo. Nilifika siku moja baada ya maziko. Rufaa nilishinda. Hayo hayahusiani na sanaa.

Alhamisi, 10 Julai.

Mama wa adui amepatikana! Angela, muuza maziwa wa Getanuwas, mke wa rafiki yake Kelvin. Ana sauti ya kusimamisha kundi la ng'ombe. Alisoma vizuri mpaka kwenye jina, akaiweka karatasi chini. Hawezi. Gidahosh ni jina la baba mkwe wake, na kwao Wadatoga mke hatamki jina la mkwe, hata akiwa peke yake na ndama.

Nilimjibu kwamba mila hiyo naifahamu kikamilifu. Niliiandikia ukurasa mzima chuoni.

Akasema, "Sasa kama unaijua, kaka, mbona umenipa?"

Nimeliandika swali hilo pembeni, nilitafutie tanbihi.

Jumamosi, 12 Julai.

Kelvin amependekeza majina sita mbadala. Yote mepesi. Nimetangaza kwamba msanii hapigi magoti mbele ya mkwe wa mtu. Basi wamepiga picha bila kunisikiliza. Angela alisimama mlangoni, kamera ikawaka, akaita, "Baba! Baba yangu! Mbona hujafunga sweta?"

Katika maandishi yangu hakuna sweta. Wala mama yangu hakuwahi kuniita kwa jina, nilikuwa nimesahau. Aliniita baba.

Nilikwenda nyuma ya trekta lililoegeshwa uani kukagua mwanga. Niliukagua muda mrefu. Kelvin alinifuata na kitambaa, akasema vumbi la hapa ni kali. Nikakubali kwamba ni kali.

Jumatatu, 14 Julai.

Hisia si hoja. Jina lazima lisikike! Nimemchukua dada yangu Irene, mwimbaji wa kwaya, nimeingiza sauti yake juu ya picha ya Angela. Midomo inasema baba, masikio yanasikia Gidahosh, mara tatu, kwa sauti ya kwanza. Kasoro ni ya midomo. Nimewatumia Arusha, na pia kundi la wasapu la vijana wa Basotu, ili umma uhukumu.

Jumanne, 15 Julai.

Umma umehukumu. Video ilifika Getanuwas kabla ya mchana. Mzee mwenyewe alionyeshwa: mdomo wa mke wa mwanawe unafunguka, jina lake linatoka. Angela alikuja kwa miguu, bila madumu ya maziwa. Hakupiga kelele.

"Kaka, umenivua nguo mbele ya mkwe wangu."

Nilianza kumfafanulia tofauti ya mhusika na mwigizaji. Aliondoka kabla sijafika kwenye mifano.

Jioni Arusha walipiga simu. Kelvin alikuwa amewatumia kwa siri onyesho lisilochezewa. Mhariri wao amelia. Tamthilia wanaichukua, kwa sharti moja: Angela awe mama mpaka mwisho. Kila kitu sasa kiko juu ya msamaha wake.

Alhamisi, 17 Julai. Getanuwas.

Tulikwenda na asali. Njiani Kelvin alinikaririsha: shikamoo, nimekosa, nisameheni, kisha ninyamaze. Niliona ni hafifu. Nilikuwa na kurasa nne mfukoni.

Shikamoo niliitoa. Mzee Gidahosh aliitikia marahaba kwa upole, akapokea asali, akanipa kigoda. Hapo ningekaa. Badala yake nilisoma. Katika ukurasa wa pili, kwa ajili ya kulibainisha kosa, nililitaja jina lake tupu mara saba, mbele yake, mbele ya Angela aliyejifunika uso kwa shuka.

Mzee aliinua mkono. Alisema Angela haigizi tena, na picha zote zifutwe mbele yake. Kelvin alifuta ya Irene. Akawapigia Arusha, nao wakafuta. Alipofika kwenye ile ya "Baba yangu" nilimshika mkono. Nikasema hiyo moja iachwe.

"Ina nini?" mzee aliuliza.

Kwa mara ya kwanza maishani nilikosa hoja. Kelvin alinitazama, akangoja, akangoja tena. Kisha akafuta.

Jumapili, 20 Julai. Dongobesh.

Arusha wamemfuta Bwana wa Vumbi. Watatengeneza utoto wa Mlinzi wa Ngano. Kelvin atachora.

Amenipigia simu. Anasema baada ya mimi kutoka alimweleza mzee habari za mama yangu, na mzee alisikitika: angejua, ile moja asingeigusa. Anasema niende nikamsalimie tu, mikono mitupu, nikae naye.

Nimejichunguza kwa unyofu, usiku na mchana. Kosa langu sasa ni dhahiri. Kurasa nne hazikutosha! Hoja ya mama niliiacha nje, na ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Nimeandika upya: kurasa kumi na moja, utangulizi, tanbihi tisa na faharasa ya majina. La mzee linatokea mara ishirini na tatu. Kesho asubuhi nakwenda kumsomea.