Pakiti za Kijani Mbele ya Kasha la Diski

Jumatatu, 4 Machi
Bosi Hsu ametangaza kwamba Ijumaa atamteua mkuu wa chumba cha seva. Ni mimi au Fang Shu-hui. Kila mmoja ana kasha lake la kulinda, lenye diski zinazotunza data za kampuni, na kasha litakalokaa salama ndilo litakalomtetea mwenyewe. Nikampigia Mama papo hapo, nikamwambia cheo nimeshapata. Nimewahi kidogo tu! Mama ameshawaalika ndugu wote wa mjini Hsinchu, Jumapili, kwenye mgahawa wa bata. Sasa lazima nikipate kweli.

Shu-hui wala halitazami kasha lake. Anakaa kitini, anaandika amri kwenye kompyuta, kasha linamjibu kwa maandishi: feni sawa, umeme sawa, joto sawa. Uvivu ulioje! Mimi natumia macho. Taa ni ya kijani? Basi mambo shwari.

Jumanne, 5 Machi
Hakuna seva inayokaa vizuri hapa bila pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi juu yake. Iwe ya kijani, isifunguliwe, isipitwe na tarehe. Hilo hata mfagizi analijua. Shu-hui kaweka moja. Moja! Mimi nimenunua katoni nzima, nikazipanga mbele ya kasha langu mpaka likapotea machoni.

Shu-hui alipokwenda kula, nikaiondoa yake nikaweka ya manjano. Manjano ni nuksi tupu. Nimelala na tabasamu.

Jumatano, 6 Machi
Shu-hui ameiona ile ya manjano. Ameifungua, akaila na chai. Kasha lake bado sawa, sawa, sawa.

Langu linanguruma tangu asubuhi. Feni zote mbio! Bila shaka limefurahia pakiti. Shu-hui akaliuliza kwa amri yake, akaniambia linajibu "joto: onyo", eti nitazame hewa inapita wapi. Nikamwambia ashughulike na lake. Mwenye wivu ajinyonge.

Alhamisi, 7 Machi
Leo hila kubwa. Kuna amri ya kuwasha taa ya rangi ya chungwa kwenye kasha, ili fundi alitambue lenye hitilafu kati ya mengine. Bosi Hsu akiiona taa hiyo hukosa hamu ya kula. Nikaliandikia amri kasha la pili kwenye rafu, la Shu-hui.

Taa ikawaka kwenye langu!

Kumbe mashine huhesabu makasha kwa mpangilio wa nyaya, si kwa nafasi zake kwenye rafu. Na nyaya nilizichomeka mimi mwenyewe kabla ya mwaka mpya, kinyume, la pili likawa langu. Bosi akaja mbio. Akazipangua pakiti, akagusa kasha, akauvuta mkono upesi.

"Chun-te, hizi diski unaziombea au unazikaanga?"

Chumba kizima kikacheka. Nimeumia, sifichi.

Ijumaa, 8 Machi
Kapewa Shu-hui. Na ofisi yenye mlango kapewa. Mimi nimehamishiwa meza ya karibu na choo. Alinifuata huko huko.

"Kaka Chun-te, Jumatatu njoo nikuonyeshe jinsi ya kuliuliza kasha. Mstari mmoja tu, hata dakika haiishi."

Hakukuwa na dhihaka sautini mwake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikaitikia. Nikaapa pia kumwambia Mama ukweli, mbele ya wote, kabla bata hajakatwa.

Jumapili, 10 Machi
Nilisimama kusema ukweli. Mama alikuwa amevaa shanga zake za harusi. Mjomba A-kun akainua glasi kabla sijafungua kinywa, akamtakia heri mkuu wa chumba cha seva. Nikasema hapana, cheo hicho sikukipata.

Mama akaweka chini vijiti vyake vya kulia.

Nikasema nimepewa kikubwa zaidi.

Makofi! Mama amelia kwa furaha, bata ameisha, na Mjomba amesema Jumatano wanakuja wote kuiona ofisi yangu. Waje tu. Nimeshachunguza: kibao cha jina mlangoni kwa Shu-hui kimeshikwa na skrubu mbili tu.