Maneno Elfu Arobaini, Yote Sahihi

Jumatatu, 3 Machi
Bosi wa kiwanda chetu cha uchapaji katangaza: programu ya kupangia kurasa itiwe kikagua tahajia. Atakayefanikiwa ndiye mkuu wa chumba cha kompyuta. Tupo wawili tu chumbani, mimi na Mpole. Mpole akaomba miezi miwili. Mimi nikaomba siku nne. Bosi alinitazama kwa mapenzi.

Siri yangu: kazi wameshaifanya wengine. Ipo maktaba ya bure, yaani rundo la programu tayari za kukagua tahajia, na mtu mwema ameivika ganda, kiprogramu cha kuizungushia nje. Unaliita ganda kwa amri tatu, nalo linasumbuana na maktaba huko ndani. Mimi nachomeka tu. Na sifa nachukua.

Jumanne, 4 Machi
Nimechomeka kabla ya chai ya saa nne! Tatizo dogo: maktaba haina orodha ya maneno yetu. Kila neno limepigwa mstari mwekundu. Ukurasa kama una surua.

Bibi Kalamu, msahihishaji wetu wa miaka ishirini na sita, kapita akauliza kwa upole kama mashine inaumwa. Nikacheka kwa adabu. Mpole kashauri tumwombe yeye atukusanyie maneno. Nikasema tusimchoshe mama wa watu. (Ukweli: sifa ya watu watatu haishibishi.)

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Kompyuta kuu ina mafolda mawili ya kazi za miaka kumi. "Safi", zilizopita mikononi mwa Bibi Kalamu: faili mia tatu, maana nyingi husahihishwa kwenye karatasi. "Ghafi", kabla hajazigusa: faili elfu tisa. Mwenye akili huchagua wingi. Nikayamimina maneno yake yote kwenye orodha: elfu arobaini kwa dakika sita! Surua imepona. Ukurasa mweupe pe.

Bosi kaninong'oneza: mashine ikifaulu Ijumaa, Bibi Kalamu atapumzishwa. Mke wangu kauliza kupumzishwa ndiyo nini. Nikamwambia ni aina ya likizo. Kauliza aina gani. Nikaenda kuoga.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejaribu kiti cha mkuu. Kinazunguka vizuri sana. Mpole kanikuta katikati ya mzunguko. Nikasema nakagua skrubu.

Ijumaa, 7 Machi
Mtihani. Ukurasa mmoja wa kitabu cha mteja, kama ulivyotoka kwa wapiga chapa. Mashine: sekunde moja, kosa hakuna. Nikainama kidogo nipokee makofi.

Bibi Kalamu: dakika nane, makosa thelathini na moja. Bosi akayapitia moja moja. Ya kweli yote.

Mpole akauliza orodha nimeitoa wapi. Nikasema utafiti. Akaifungua. Bibi Kalamu akaisoma taratibu, akitabasamu kama mtu anayetazama picha za zamani.

"Mwanangu," akasema, "haya nayafahamu. Mengine nayafukuza tangu hujaoa. Wewe umeyakusanya, ukayapa vitambulisho."

Bosi alicheka mpaka akashika meza. Sikuona mzaha. Bibi Kalamu hapumzishwi popote. Ndiye mkuu wa chumba, kuanzia leo. Nikampa shikamoo. Akaitikia akiwa anazunguka kitini.

Jumatatu, 10 Machi
Adhabu: nikae kando ya Bibi Kalamu tusome orodha yote, neno kwa neno, mimi nikibofya "sahihi" au "kosa" kama atakavyosema. Kwa mwendo wake, mpaka Desemba. Mpole anasema hakuna njia nyingine. Maskini Mpole, hana ubunifu.

Bibi Kalamu alipokwenda kunywa chai, nikaandika kiprogramu kinachobofya "sahihi" chenyewe. Sekunde kumi na nne. Maneno elfu arobaini, kwisha!

Nimempelekea Bosi ujumbe kwamba nimeiokolea kampuni miezi tisa. Na kwamba Bibi Kalamu hahusiki kabisa, asije akapewa sifa tena.