Jua Lilizama Mara Mbili Kirua

Jumanne, 5 Agosti 2025. Kirua Vunjo.

Hili sijamwambia mtu, na hata padre sitamwambia. Babu Damian amefariki jana asubuhi na mimi sijalia.

Nimejaribu. Nimekaa jikoni kwenye kuni mbichi mpaka moshi wote ukahamia kwangu. Nikakohoa tu. Shangazi Gladness ameshuka kwenye gari la Arusha akilia, akapanda njia yote akilia, akafika mlangoni akanikumbatia akilia. Mimi nimesimama kama mgomba. Akawaambia watu nimepatwa na mshtuko. Asante sana, shangazi. Mshtuko huo nitautumia mpaka Jumamosi ya mazishi.

Ndani pakavu kabisa. Na huyu ndiye aliyenilea mama alipokuwa kiwanda cha sukari! Kila jioni nilimsikia barazani akivua mabuti yake. Moja. Kimya kidogo. La pili. Ndipo najua siku imeisha. Sasa hayupo, na mimi nawaza kama shuleni wamenihifadhia chakula cha Jumapili. Mimi ni mtu wa namna gani?

Halafu balaa. Kikao cha ukoo kimekaa, na Baba mdogo Isack akatangaza kwamba wasifu wa marehemu utaandikwa na kusomwa na Joyness, yaani mimi. Si ndiye anayesoma bweni Moshi mjini, si ndiye anayeandika andika kila siku? Nikasema "sawa" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Bibi Bernadetha, mjane wa Babu, akaniita pembeni. Akasema nimsome vizuri, watu wamjue. Maana akishafukiwa watarudi kwenye ng'ombe wao, na hakuna atakayemsema tena.

Nina mpango. Nikiwaliza watu wote, nani atapata nafasi ya kukagua macho yangu?

Jumatano, 6 Agosti.

Nimeandika "Babu alikuwa". Nimefuta. Nikajaribu kwa Kiingereza, maana shuleni ndicho tunachoandikia. "Grandfather was". Nimefuta. Kwa Kiingereza pia alikuwa amekufa. Lugha mbili, na zote mbili zimenitazama tu.

Nikachukua simu, nikaenda nyuma ya zizi ambako mtandao unapatikana. Nikaifungua ile akili mnemba. Mimi naiita Mnemba, tumezoeana kwenye hesabu. Nikaiomba wasifu wa babu yangu, mkulima wa Kilimanjaro, wenye kuliza. Ng'ombe hajamaliza kutafuna kilichokuwa mdomoni, wasifu ukawa tayari:

"Leo jua limezama mchana. Mti mkubwa umeanguka, na ndege hawana pa kutua. Alikuwa nguzo, alikuwa taa, alikuwa kisima kisichokauka. Mlima ulimnong'oneza siri zake."

Jamani! Mimi ningeyatoa wapi haya?

Sehemu ya mlima ilinisumbua kidogo. Babu hakuwahi kuupanda. Aliuita "kule kwenye baridi", na aliuliza kuna nini huko, kuna ndizi? Wageni wakipita barabarani na fimbo zao aliwasikitikia: mtu ana miguu yote mizima, anatembelea magongo mawili! Lakini nimeiacha. Imekaa vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti.

Siku mbaya kuliko ya msiba wenyewe.

Leo tumemzika Mzee Remigius, jirani wa chini. Yeye alitangulia Jumapili, Babu akafuata Jumatatu. Wawili hawa waligombania maji tangu baba yangu hajaoa, kwa sababu mfereji mmoja unanywesha vihamba vyote viwili, mashamba yetu ya migomba na yao, na kila mtu ana siku yake ya zamu. Mzee Elimringi, ambaye hukaa benchi la mbele misiba yote, amesema Babu hakuwa na haraka ya kufa, ila aliona Remigius akiachwa peke yake atayafunga maji ya mbinguni.

Wasifu ulisomwa na mjukuu wake, Anold. Anold wa kidato cha nne, anayenishinda insha kila muhula. Akasimama, akakunjua karatasi, akasafisha koo.

"Leo jua limezama mchana."

Ukaja mti. Wakaja ndege. Nguzo, taa, kisima, vyote! Mwizi, nilisema moyoni. Mwizi mkubwa! Kisha nikaigusa simu mfukoni na nikanyamaza hata moyoni.

Watu walilia. Shangazi yangu mwenyewe alilia, na hakumpenda Remigius hata kidogo.

Baadaye Anold alinipa pole. Akaniuliza kama wangu nimeshauandika. Nikasema zamani. Kwa mkono? Nikamuuliza wewe je. Akaangalia viatu vyake. Viatu vizuri, lazima nikiri.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Nyuma ya zizi tangu asubuhi. Nimeiambia Mnemba inipe mwingine, tofauti kabisa. Ikaomba radhi. Huwa ina adabu sana. Ikaandika: "Leo mwezi umezama alfajiri. Mlima mkubwa umeanguka, na ndege hawana pa kutua."

Nikaiambia iweke mambo ya Babu, ya kwake peke yake. Ikaniuliza mambo gani. Inaniuliza mimi! Mimi ningekuwa na maneno ningekaa huku kwenye samadi? Nikaitupia moja tu, kwamba aligombana na jirani kwa ajili ya maji. Ikaandika kwamba marehemu alikuwa mpatanishi aliyependwa na majirani wote.

Nimechukua wa mwezi. Mwezi si jua. Nani atajua?

Jumamosi, 9 Agosti.

Wote wamejua.

Nilianza vizuri. Sauti ilitoka, nyembamba lakini ilitoka. Mwezi ulipozama nikaona Katekista anainua kichwa. Mlima ulipoanguka, Mzee Elimringi, ambaye alikwishapita kwenye pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, akanisaidia kwa sauti kubwa: "Na ndege hawana pa kutua!"

Nikasoma, "Alikuwa nguzo." Benchi lote la mbele likajibu, "Alikuwa taa!" Kwenye kisima waliitika hadi wanawake waliokuwa wanamenya ndizi, kama litania. Katekista akageuka akatazama migomba, mabega yanatikisika. Anold alikuwa anatafuta kitu ardhini. Na mimi nikaendelea mpaka mwisho, mpaka mpatanishi aliyependwa na majirani wote, kwa sababu sikujua mtu anaachaje kusoma akishaanza.

Ndipo akainuka Bibi Dafroza, mjane wa Remigius, na kanga ya msiba wake mwenyewe. Hana karatasi. Akasema huyu Damian anayesemwa hapa hamjui, anayemjua ni mwizi wa maji.

Akasema Damian aliiba zamu yao alfajiri moja, na Remigius akafuata nyayo hadi hapa mlangoni, maana buti la kushoto lilikuwa na kiraka cha tairi. Remigius akamwita fisi mbele ya watoto wake. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Mwaka jana miguu ya Remigius ikagoma, vijana wako shule, zamu yao ya Ijumaa ikawa inapotea bure. Basi Ijumaa moja alfajiri akasikia maji yanaingia kihambani. Akatoka kulipokucha. Hakuna mtu. Kwenye tope, kiraka cha tairi.

Kila Ijumaa. Na Remigius kitandani alikuwa anajua. Asante hakusema. Alikuwa anapiga kelele dirishani: "Damian! Maji umeyapunja!" Na kutoka kwenye migomba sauti inajibu: "Lala wewe, mgonjwa gani una mdomo hivyo!"

Hapo watu walicheka makaburini. Walicheka kabisa. Bibi Dafroza akangoja. Kisha akasema Ijumaa ya wiki iliyopita maji hayakuja. Remigius alikaa macho anasikiliza mpaka kukakucha. Akasema, "Huyo ameugua." Hakuuliza kingine. Jumapili akaenda zake.

Bibi yangu, ambaye tangu Jumatatu alikuwa kama jiwe, alicheka mpaka akajishika kiuno, kisha kicheko kikageuka, wakamshika. Wote walilia. Anold alilia! Mimi peke yangu, na karatasi yangu ya mwezi, mkavu.

Jioni Bibi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema wale wawili hawakunywa kata moja ya mbege maisha yao yote, na sisi watoto tumewazika kama mtu mmoja. Kisha akasema Jumanne tunaanua matanga, nisome tena. Anamtaka Damian, hataki mwezi.

Jumapili, 10 Agosti.

Nimetafakari kwa nini Bibi Dafroza amenishinda. Sababu ziko wazi. Ana umri. Anajua kungoja. Na alimfahamu marehemu, jambo ambalo si haki kwenye mashindano.

Nikaichukua hadithi yake nikaipa Mnemba iipambe. Ikaipamba. Fisi ameondolewa, ni lugha isiyofaa. Kiraka cha tairi kimeondolewa. Na Remigius dirishani sasa anasema, "Asante, jirani mwema."

Remigius! Aseme asante! Nilikasirika mpaka nikaipiga teke ndoo ya maziwa. Sijui kwa nini. Sentensi yenyewe haina kosa.

Jumanne, 12 Agosti.

Mpango mpya: nimepoteza sauti. Nimejifunga skafu tangu asubuhi na kujibu shikamoo kwa kichwa. Baba mdogo akasema basi, nitasoma siku ya arobaini. Nimeokoka!

Bibi akanichemshia tangawizi. Akaketi akinitazama ninavyokunywa. Akasema sawa, arobaini. Yeye yupo, anangoja.

Tangawizi ilikuwa kali sana.

Jumatano, 13 Agosti.

Leo ni zamu yetu ya maji, ya kwanza tangu tumzike Babu. Baba mdogo amerudi Dar. Bibi ametoka mwenyewe na jembe, kandambili zake kaziacha mlangoni. Nilimwambia nitakwenda mimi, akasema nina homa ya skafu, nikae.

Nimekaa. Nimeandika haya, kwa mkono, ya kujaribu tu:

"Babu alivua buti la kushoto kwanza, lile la kiraka. Kisha alipumzika. Nilikuwa kitandani nangoja la pili, na sikuweza kulala kabla halijaanguka. Siku moja nilimuuliza kwa nini anachelewa. Akasema anangoja mguu mmoja uuambie mwingine kwamba tumefika. Jumatatu usiku nilisikia kimya kile. Mpaka sasa nangoja la pili."

Nimeisoma mara mbili. Hafifu sana. Haina jua, haina mti, hata kisima hakuna. Nani atalia kwa sababu ya mabuti? Anold ananiambia ipo Mnemba nyingine, ya kulipia, inaandika vizuri zaidi. Kesho nitampa haya ayaingize humo, iyatengeneze, iweke na nyota. Arobaini watanikoma!

Wino wa hapo juu umetawanyika kwenye "nangoja". Karatasi imelowa. Sijui maji yametoka wapi, paa hili halivuji.

Kuna mtu barazani. Hatua nzito, za tope. Bibi hatembei hivyo, Bibi huvaa kandambili. Zinakuja mpaka mlangoni kwangu. Zimesimama.

Buti moja limeanguka.

Kimya.

Ngoja nifiche hi