Mtaa Mzima kwa Mpigo

Jumatatu, 3 Machi
Shirika la umeme limetukabidhi mtaa mmoja mmoja, sisi wanafunzi wawili wa uzamili. Wangu ni huu wa dada, ninakoishi. Wa pili kapewa mwenzangu, ambaye mimi namwita Miwani. Kazi: kushawishi watu wapunguze umeme wa saa moja jioni, wakati kila nyumba inapika, inapiga pasi na kuvuta maji. Atakayepunguza zaidi anapata mwaka mzima ofisini kwa mhandisi, na meza yake na mshahara. Mwingine arudi chuoni akafe na nadharia.
Miwani kalipiwa ada na baba yake. Mimi nimejisomesha kwa kuchaji simu za watu. Nani hapo anaujua umeme?

Jumatano, 5 Machi
Nyumba zote ishirini na mbili zimekubali. Miwani anagawa vipeperushi, eti kila mtu achague muda unaomfaa. Uvivu mtupu. Mimi nimewapa muda mmoja: Jumamosi, saa nane kamili mchana. Pasi, pampu, oveni, vyote. Mama wa nyumba ya kona kaomba nane na nusu. Nimemkatalia kwa heshima.
Dada kauliza kama nyaya zitahimili. Nikamwonyesha hesabu: uniti ni zilezile, zimehama tu kutoka jioni kwenda mchana, jumla haiongezeki hata chembe. Akasema, “Haya, msomi,” kwa ile sauti anayowatulizia wateja wa saluni yake akishawakata nywele vibaya.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekutana na Miwani kwenye ngazi za chuo. Nyumba sita tu zimemkubalia. Nimempa pole. Kwa kweli nimejisikia vizuri kutwa nzima.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nane kamili pampu zote zilinguruma pamoja. Ishirini na mbili kwa ishirini na mbili! Sijawahi kutiiwa hivyo maishani. Machozi yalinilenga.
Dakika mbili baadaye transfoma ikasema pu. Moshi kidogo. Kimya.
Dada alitoka saluni, mteja nyuma yake, kichwa nusu kikavu nusu kinachuruzika. Hakupandisha sauti. “Hesabu yako inasemaje sasa, mdogo wangu?”
Nikamjibu kwamba ya jioni itakuwa nzuri sana.

Jumapili, 9 Machi
Umeme bado. Nimekaa barazani na kikokotoo. Matumizi ya mtaa wetu jana saa moja jioni: sifuri. Upungufu: asilimia mia. Miwani, na hao watu wake sita, akijikamua sana atafika kumi. Na shirika lilisema jioni. Mchana hakuna aliyeutaja. Ripoti imetoka kurasa tatu, safi.
Majirani hawaitikii salamu. Ni mambo ya muda.

Jumatatu, 10 Machi
Mhandisi kaisoma ripoti mara mbili. Akaniuliza kwa upole kama naijua bei ya transfoma. Naijua, nikamtajia hadi senti. Hakufurahi.
Akaeleza kwamba jumla yangu ilikuwa sawa. Kilichoniangusha ni wote kuwasha kwa wakati mmoja. Ningewagawa makundi, hawa saa tano, wale saa tisa, pasingeungua kitu. Kisha akasema: “Mwenzako hawakumsikiliza, kila mtu kawasha alipojisikia. Na kwao taa zinawaka.”
Nafasi kapewa Miwani. Mtu anazawadiwa kwa kutosikilizwa!

Jumatano, 12 Machi
Transfoma mpya imefungwa, kubwa mara mbili ya ile. Maana yake shirika lenyewe limekiri: kosa halikuwa langu, lilikuwa la transfoma. Dada kasema nisimweleze yeye.
Nimemwandikia mhandisi barua ya adabu. Nyumba ishirini na mbili ni sampuli ndogo mno kumhukumu mtafiti. Hayo makundi tumwachie Miwani na meza yake. Mimi nimeomba mitaa kumi, yote kwa mpigo.