Feni ya Bei ya Ndama

Jumatatu, 7 Septemba 1998. Geita.

Mwaka mmoja, miezi saba na siku nne tangu niondoke Mbinga. Barua ya mke wangu, Mama Rebeka, imefika. Salamu fupi. Anasema mtoto wetu wa mwisho amejua kusema, na amemwita jirani yetu Hyera "baba". Mwanzoni mama mtu alikuwa anamsahihisha. Sasa amechoka. Nirudi kabla ya Krismasi, la sivyo nisijisumbue tena.

Mikono mitupu siwezi! Kijiji kizima kinajua nilifuata dhahabu. Hakijui kwamba duara letu, shimo tulilochimba, lilijaa maji ya El Nino, na kwamba sasa nabeba magunia na dizeli ya jenereta dukani kwa Girish, mnunuzi wa dhahabu.

Uchafu wa duka hili si uchafu. Wachimbaji wanaingia na vumbi la mawe mwili mzima, wanakung'uta mifuko, chembe zinadondoka. Kila kinachofagiliwa kinaingia kwenye debe la bosi na kuoshwa mwisho wa mwezi. Fagio analo Bujiku, mlinzi. Analishika kama askofu na fimbo yake. Hata soli za viatu vyangu anazikwangua kabla sijatoka.

Leo kompyuta imezimika yenyewe tena, mara ya nne. Dada Jinal, mpwa wa bosi, akaifungua. Juu ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wake, kuna kafeni kadogo. Kalikuwa kamevaa vumbi kama blanketi. Ubongo ulikuwa wa moto, ukamwunguza kidole. Akapuliza. Vumbi lote likaniingia usoni.

Nikaona kitu kinametameta. Kwa jicho langu la kulia, lile lililopona vumbi.

Sakafu ni ya bosi. Meza ni ya bosi. Lakini hewa? Hakuna aliyewahi kusema vumbi la hewani ni lake.

Jumanne, 8 Septemba

Bosi na Dada Jinal wamebishana. Dada anasema kuna feni za aina mbili Dar es Salaam. Moja ndogo kama tuliyonayo, bei ya kuku. Nyingine kubwa, ya Kijapani, ina mapezi ya alumini zaidi ya mia, bei ya ndama. Bosi akauliza kama hiyo ya ndama inapoza mara ishirini zaidi. Dada akasema hapana, Anko, inazidi kidogo tu, na kwa mashine yetu ndogo inatosha ikipigwa brashi kila wiki.

Basi tuchukue ndogo, akasema bosi.

Nilikuwa na gunia begani. Nikasimama. Mapezi mia! Pale mwaloni tunapoosha mchanga tunatandika magunia kwa sababu nyuzi zinanasa dhahabu. Nyuzi nyingi, dhahabu nyingi. Na kila pezi si uzi?

Nikasema shikamoo bosi, naomba kuchangia. Vya rahisi vina gharama. Halafu nikaongeza kwamba Sunil, mnunuzi wa ng'ambo ya barabara, ameshaagiza kubwa. Uongo. Sunil hana hata kompyuta, ana kikokotoo.

Bosi akaweka kikombe chake cha chai mezani. Akauliza, kwa sauti ya chini, kubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Mtoto wa miezi mitatu.

Alipiga simu Dar kabla chai yake haijapoa.

Jumatatu, 14 Septemba

Imefika kwa basi, kwenye pamba kama yai la mbuni. Kubwa mno! Mfuniko wa kompyuta haufungi. Bosi akasema usifungwe, watu waione. Anamtajia bei kila anayeingia, hata asiyeuliza. Mchimbaji mmoja akauliza kama ni bomu. Bosi akamwambia ni Japani.

Mfuniko wazi! Vumbi linaingia bila hodi. Sikuwahi kumpenda bosi kama leo.

Jumatano, 16 Septemba

Dada Jinal ana tatizo la ukweli. Jana alikapiga kale kafeni ka zamani mswaki, akakafunga siku nzima. Kompyuta haikuzimika. Leo akarudisha ya Kijapani. Haikuzimika pia. Akamwambia mjomba wake kwamba ndama mzima ameliwa na uchafu wa mswaki mmoja. Bosi akajibu kwamba si suala la joto, ni suala la heshima. Dada akaweka kafeni kwenye droo.

Mimi nasaidia vumbi. Nakung'uta magunia matupu mlangoni, upepo unapeleka ndani. Bujiku akaniuliza kama kwetu tumefundishwa kazi na kuku. Nikamwambia asubiri. Akasema anasubiri, analipwa kusubiri, yeye ni mlinzi.

Jumapili, 20 Septemba

Duka limefungwa. Dada yuko Mwanza, bosi yuko kwake, Bujiku yuko kanisani. Nimeachiwa mimi lindo. Mimi!

Nimeifungua feni kwa kisu. Nikaisugua uani kwenye karai la plastiki kwa mchanga na magadi, kama sufuria ya harusi, mpaka ikang'aa. Kwenye karai, tope jeusi. Dhahabu sikuiona. Sikushtuka. Dhahabu ya unga haionekani, ndiyo maana kuna zebaki. Zebaki inashika kisichoonekana kwa macho. Nikamimina kizibo kizima cha ile niliyobaki nayo toka machimboni, nikaipaka pezi kwa pezi, isibaki hata chembe. Nikakamua kwa kitambaa. Haikubaki dhahabu hata ya kuziba jino la panya.

Nikaianika feni juani, nikaenda kula.

Niliporudi ilikuwa imeota nywele! Nyeupe, kama ukungu wa ugali wa juzi, zinasimama huku naziangalia. Nikafuta. Zikaota tena. Nikashika pezi, likavunjika kama jivu. Ilikuwa na joto. Yenyewe, feni ya kupoza! Nikasali Baba Yetu, nikafika katikati, mapezi kumi yakadondoka.

Alasiri nilikuwa na karai la unga mweupe. Nikalificha nyuma ya mapipa. Nikatoa kafeni kwenye droo, nikakafunga, nikageuzia ukutani upande ulio wazi.

Jumatatu, 21 Septemba

Asubuhi nzima kompyuta ilifanya kazi. Mahesabu yakaenda, barua zikachapwa, hakuna aliyejua. Nikaanza kujipongeza.

Saa sita akaja mteja wa Kharumwa. Bosi akaigeuza kompyuta ili amtajie bei. Akakuta kafeni ka zamani kanazunguka, kama bata juu ya kiti cha chifu.

Akapiga kelele: Japani yangu iko wapi?

Bujiku hakutafuta sana. Alileta karai mbele ya watu wote, taratibu, kama sadaka. "Bhabha," akaniambia, "mimi mama alinichapa nikiwa na miaka saba kwa kutia zebaki kwenye sufuria yake ya alumini. Inaliwa! Kila mtoto wa hapa anajua. Wewe kwenu ulichapwa kwa lipi?"

Dada Jinal alikuwa ameshuka basi muda huohuo. Akaangalia karai, akaangalia mashine, akacheka mpaka akakaa chini. Akamwambia mjomba wake: tangu asubuhi imepoa kwa feni ya bei ya kuku, na usingejua kama usingetaka kuringa. Bosi akamwambia anyamaze. Mimi akaniambia niondoke. Hatanidai, akasema, maana hata nikiuzwa na kandambili zangu sifiki bei.

Dada akanifuata nje na nauli ya mpaka Mbinga, kutoka mkoba wake. Akasema nenda kwa mkeo, Ignas. Ukipanda kesho, Ijumaa umefika.

Nililia kidogo. Vumbi.

Jumatano, 23 Septemba. Kahama.

Basi lilisimama Kahama watu wapate chakula. Dirishani nikaona kibao: tunachapa kwa kompyuta. Nikateremka kuangalia tu. Basi limeondoka.

Mwenye ofisi ni Mama Shehnaz. Ana kompyuta mbili. Nikauliza wateja wake ni akina nani. Akasema wengi wanatoka machimboni. Na vumbi? Akasema linamtoa machozi.

Tumeelewana papo hapo. Mimi nasafisha kompyuta, uchafu ni wangu. Hakuamini, akaomba nilipie nafasi. Nimelipa nusu ya nauli. Nusu nyingine nimetoa arubuni ya feni kubwa ya Dar. Kosa lilikuwa alumini. Safari hii nimetaka ya shaba, ghali zaidi. Kizuri hakikosi bei. Mama Shehnaz akauliza mara mbili feni itakuwa ya nani. Nikamwambia: feni yako, vumbi langu.

Nimemwandikia Mama Rebeka. Mtoto amwite Hyera "mjomba" kwa muda. Krismasi haitawezekana. Nategemea kufika Pasaka. Ila Pasaka ni masika, vumbi hakuna.

Nimefuta. Nimeandika Nane Nane.